Kwa mdogo wangu anayetaka kuzunguka kwa lifti

Mdogo wangu,

Meseji yako niliipata nikiwa kazini na sikutaka kukujibu maneno mawili ya harakaharaka. Naandika hapa hadharani juu najua si wewe peke yako, kuna vijana wengi Nakuru hapa na huko Kisumu wako na hilo wazo lako, uache kila kitu, ubebe begi moja, usimame barabarani gari ikusimamie, ikushushe, usimame tena upate ingine, hivyo hivyo mpaka Cape Town. Umeniuliza kama siku hizi bado inawezekana. Inawezekana. Lakini si pale unapopafikiria, na wale unaodhani watakubeba sio watakaokubeba.

Wewe unafikiria trela, na sikulaumu, tumekua tukiziona zikipanda kutoka Mombasa zikielekea Malaba kwenye mpaka wa Uganda usiku na mchana, na kila trela ina kiti cha pembeni kitupu. Sasa hizo trela ndio kazi yangu. Nikiwa dispachi, ofisi inayopanga na kufuatilia safari za malori, naona kwa skrini kila gari yetu iko wapi, inaenda kasi gani, imezimwa saa ngapi. Na mzigo wa kuvuka mpaka una sili ya elektroniki ya KRA, mamlaka ya ushuru, juu ya traka yetu wenyewe, kile kifaa kinachotuonyesha gari iko wapi, ule mfumo ulioanza 2017 ukiunganisha Kenya, Uganda na Rwanda, yaani lori likiacha njia yake au likisimama pasipotakiwa kuna watu wanaona na wanaweza kutumwa kuja kuliangalia. Dereva akisimama Salgaa, kituo cha malori, kula ni sawa, kila mtu anajua Salgaa. Akisimama katikati ya mteremko kumchukua kijana mwenye begi, simu yake italia kabla hujafunga mlango.

Na barua za onyo naziandika mimi. Nimeona baba wa watu akipoteza kazi kwa sababu alimhurumia mtu aliyekuwa ananyeshewa, na bima ya lori la mizigo mara nyingi haimjui mtu wa lifti, likianguka wewe ni kama hukuwepo. Kwa hiyo ukiona trela inakupita na dereva anakupungia mkono tu, usimchukie. Kile kiti si chake kugawa.

Hicho ndicho kitu cha kwanza nataka ukishike. Lifti hupewa na mtu mwenye uwezo wa kuamua. Poland, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, serikali yenyewe iliruhusu, msafiri ananunua kitabu cha kuponi, akibebwa anampa dereva kuponi kulingana na kilomita, dereva anazituma na anaweza kushinda zawadi. Cuba wakati wa shida ya mafuta waliweka maofisa wa nguo za manjano barabarani wakisimamisha magari ya serikali yenye nafasi ili wananchi wapande. Kote huko lifti ilistawi juu dereva alikuwa na ruhusa. Kwetu hapa ruhusa imebaki kwa mtu mmoja tu, yule anayeendesha gari yake mwenyewe.

Na watu hao hawako highway, wako barabara za ndani. Ndio maana nakuambia lifti haijakufa, imehama. Toka Nakuru uende mpaka pale Mau Summit, halafu achana na mawazo ya Malaba. Shika za ndani. Kuna pikapu za maziwa Londiani na Molo asubuhi na mapema. Kuna kenta, yaani lori ndogo, za viazi. Kuna lori za miwa Muhoroni na Chemelil, ingawa hizo husimama sana shambani na kiwandani, sio za mtu wa haraka. Upande wa Kisii ni ndizi, Bungoma ni soko la Chwele ambapo kenta zinafika na mboga na kuondoka tupu, na kenta inayorudi tupu ndiyo rafiki yako mkubwa duniani, dereva amechoka, anataka mtu wa kupiga stori asisinzie. Siku ya soko ndiyo siku ya kusafiri. Uliza soko la kesho liko wapi, ulale karibu na hapo, asubuhi usaidie kupakua magunia, na hutaomba lifti, utaambiwa tu panda.

Hiyo ya kupakua ni muhimu kuliko hata mahali unaposimama. Mtu aliyekuona ukifanya kazi tayari anakujua.

Kuna jambo lingine limebadilisha hii kitu kabisa na kwenye zile video za wasafiri unazoangalia hulioni. M-Pesa ilikuja 2007, na tangu hapo hakuna mtu Kenya anaweza kusema sina hata senti na aaminike. Zamani ulikuwa umekwama kweli, pesa iko nyumbani na wewe uko Kapsabet, dereva akikuacha umelala nje. Siku hizi atakuambia si upigie mtu akutumie. Na hakosei, mafuta yamepanda, watoto wako shule. Barabara nyingi za magharibi lifti maana yake ni utachangia kitu kidogo chini ya nauli ya matatu, na Probox, zile gari ndogo za Toyota, ziko nyingi zinazofanya hiyo kazi kabisa bila leseni, mpaka polisi wakizisimamisha abiria wote wanaambiwa wajifanye ni familia. Hizo uziogope. Zinajazwa mpaka watu wanakaa kwa buti. Muulize dereva mapema kabla ya kupanda, mzee unaenda bure ama nichangie, ndio msije mkagombana mbele.

Sasa mahali pa kusimama. Hapa nakuomba kama dada. Tarehe 30 Juni 2023, Londiani Junction, lori lilimshinda dereva likaingia kwa watu waliokuwa wamesimama kando ya barabara, abiria, wauzaji wa mboga, watu wa boda, zaidi ya watu 50 wakafa. Hawakuwa wamekosea chochote, walikuwa steji. Mteremko ule anaujua kila mtu wa malori, gari imetoka juu Mau imebeba tani nyingi, breki zimeshika moto. Usisimame chini ya mteremko. Usisimame kwa kona. Simama juu ambako gari inapanda taratibu, au karibu na matuta ambako inabidi ipunguze, upande ambao kuna nafasi ya kuruka nyuma, na gari isiyokuwa na mahali pa kuegesha usiisimamishe hata kama unamjua dereva. Giza likiingia umalize, utafute pa kulala. Hii sitaki mjadala.

Nikuambie pia jambo ambalo linaniuma. Wale unaowaangalia kwa simu wengi ni wazungu. Mzungu akisimama na begi kubwa pale Ahero ni mtalii, watu wanamkaribisha, chifu anapiga naye picha. Wewe ukisimama pale pale na begi kama hilo utaulizwa unatafuta nani, umetoka wapi, kitambulisho kiko wapi. Babu zetu walivalishwa kipande, kitambulisho cha wakoloni, shingoni kuanzia miaka ya 1920 ndio wasitembee watakavyo kwenye nchi yao, na ile sheria ya uzururaji ilidumu vitabuni mpaka 1997 ndio ikafutwa. Sheria imetoka lakini jicho la kumshuku kijana mgeni halijatoka. Kwa hiyo kitambulisho kiwe mfukoni, si kwa begi. Ukifika kijiji usichokijua anza kwa mzee wa mtaa au dukani kwa mama, sema jina lako, sema jina la baba, sema kwenu ni wapi. Ukitaja kwenu kila mtu ana shemeji huko, na usiku utakuwa umepata sahani ya ugali na omena na mahali pa kulala.

Wasichana wanaoniandikia wakiniuliza hilo hilo swali siwapi jibu moja na hili. Mwanamke peke yake kwa gari ya mtu asiyemjua ni hesabu nyingine kabisa, na ningependa siku moja niandike barua yao pekee yao.

Kuishi hivyo sasa, sio wiki mbili, kuishi. Hapa ndipo nafikiria sana juu yako. Kulala bure kwa wageni kulikuwa rahisi zaidi hata mtandaoni, ile Couchsurfing iliyoanza 2004 ilikuwa ya watu kupeana makochi bila malipo, 2020 ikaanza kudai ada na wengi wakatoka. Bado kuna milango. Hekalu la Masingasinga pale Makindu, barabara ya Mombasa, limekuwa likiwalaza na kuwalisha wasafiri bila kuuliza dini, na Kericho kuna hekalu lao lingine kubwa sana. Ukienda funika kichwa, vua viatu, usilete pombe wala sigara, na baada ya kula nenda jikoni uoshe vyombo.

Lakini huwezi kuishi mwaka mzima kwa sahani za watu, na hata ukiweza moyo wako utachoka kuomba. Mtu anayetembea na akadumu ni yule anayefuata kazi. Zamani ungesema utachuma chai Kericho, leo mashine zimechukua nafasi nyingi za wachumaji na watu wamezichoma hata kwa hasira, usitegemee huko. Mahindi Trans Nzoia na Uasin Gishu kuanzia Oktoba hivi mpaka karibu Krismasi yanahitaji mikono, kukata, kukusanya, kupukuchua, na mwenye shamba mara nyingi anawapa vibarua pa kulala na chakula. Mpunga Ahero unahitaji watu wakati wa kupandikiza na wakati wa kuvuna. Ufukweni Mbita na kwingine kuna kuanika na kupakia omena, na ferri ya kutoka Luanda Kotieno inakuvusha huko kwa pesa kidogo. Hapo umepata njia nzuri ya miezi mingi bila kuvuka mpaka hata mmoja, na kila mahali unaacha watu wanaokujua jina, ukirudi mwaka unaofuata wanakungoja. Huo ndio usafiri ninaouamini mimi.

Ukienda ziwani beba neti. Wewe umekulia Nakuru kwenye baridi, malaria hujaizoea, na watu wa huku juu hupigwa nayo vibaya wakishuka. Homa ikianza nenda upimwe siku hiyo hiyo.

Na kama miguu bado inawasha baada ya hapo, vuka. Uganda na Rwanda unaingia na kitambulisho cha Kenya tu, hiyo ilianza 2014, pale Busia unagongewa pande zote mbili ndani ya jengo moja. Beba kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Tanzania pasipoti, na kuendelea kusini pasipoti, Afrika Kusini imeondoa viza kwetu tangu Januari 2023, unakaa mpaka siku 90. Lakini afisa wa uhamiaji anaweza kukuuliza una pesa gani na unatoka lini, na jibu la nazunguka tu halitamridhisha, kwa hiyo kitu kidogo kiwe kwa akaunti. Pesa ya nauli ya kurudi nyumbani kutoka popote ulipo usiiguse, iwe kwa laini nyingine ya simu ambayo hutembei nayo ikiwa imewashwa.

Kaskazini usijaribu sasa. Barabara ya Kitale kwenda Lodwar ni nzuri kuliko zamani na lori huko hubeba watu juu ya mzigo, lakini sehemu za Kainuk zimekuwa na ujambazi miaka mingi na wewe hujui kusoma hali ya huko. Siku ukienda, uende na mwenyeji.

Kuna mzee mmoja ana lori lake mwenyewe, analiendesha mwenyewe, huenda Kitale kuchukua mahindi msimu ukifika. Nimeshaongea naye. Amesema atakubeba bure ila utapakia naye magunia kwenda na kurudi, na atakuonyesha mashamba mawili matatu ambako wanamjua. Oktoba si mbali. Kabla ya hapo pata ile kadi ya manjano, tafuta pasipoti hata kama hutaitumia mwaka huu, nunua viatu vinavyofunga vizuri. Na mama umwambie wewe mwenyewe, si mimi, umwambie mchana ukiwa umekaa naye chini, umpe namba ya huyo mzee na umwambie utampigia siku gani na siku gani.

Dada yako
Nakuru