Kabla Hujazilaumu Monita za Masikioni, Tuone Zimechomekwa Wapi

Mteja mmoja alitujia dukani na kikasha kidogo cha ngozi, akakiweka mezani taratibu. Ndani mlikuwa na monita za masikioni, visikilizio vidogo vya kuingiza ndani ya tundu la sikio, za daraja la juu, spika nane ndogo kila upande, alizozinunua baada ya kuzichunguza kwa miezi. Alitaka tumbadilishie. "Zimenivunja moyo," alisema. "Besi imevimba, matoazi yamekwenda mbali, mwimbaji kama anaimba chini ya blanketi." Tulipozidi kumuuliza, akakumbuka kwamba siku ya kwanza alizichomeka kwenye simu na zilimpendeza mno. Baadaye ndipo aliponunua amplifaya ya mezani, nzito na nzuri kuitazama, ili monita zipate chanzo kinachozistahili. Raha ikaishia hapo.

Hatukumbadilishia. Tulimwomba atuletee ile amplifaya.

Tulicheza toni ya kilohezi 1, tukaweka sauti chini, tukapima umeme kwenye tundu la hedifoni bila kuchomeka kitu: milivolti 100. Kisha tukaunga rezista, kipande kinachozuia umeme kwa kiasi maalumu, ya omu 33 (omu ni kipimo cha ukinzani) mahali ambapo monita zingekaa. Mita ikashuka hadi milivolti 77. Hesabu yake ni fupi: 100 gawanya kwa 77, toa 1, zidisha kwa 33. Unapata karibu omu 10. Huo ndio ukinzani wa ndani wa amplifaya ile, breki ambayo umeme unakutana nayo kabla haujatoka nje. Kwa hedifoni kubwa za omu 300 breki hiyo wala huisikii. Kwa monita zake ilikuwa ndiyo ugonjwa wenyewe.

Monita yenye spika nyingi ina krosova, saketi ndogo inayogawa kazi: hizi besi, hizi sauti za kati, hizi za juu. Kwa hiyo ukinzani wake hautulii mahali pamoja. Kiwanda huandika namba moja kwenye boksi, mara nyingi ile iliyopimwa kwenye kilohezi 1, lakini ukipima kuanzia besi hadi juu utaona mstari unapanda na kushuka. Za mteja wetu zilikuwa karibu omu 40 kwenye besi, zikashuka hadi 8 kwenye sauti za juu. Sasa umeme wa amplifaya unagawanywa kati ya breki ya ndani na monita. Kwenye besi, omu 40 katika jumla ya 50, monita zinapata asilimia 80. Kwenye sauti za juu, omu 8 katika jumla ya 18, zinapata asilimia 44 tu. Pengo hilo ni desibeli 5 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ni kama mtu ameingia kwenye ikwalaiza yako, kirekebisha besi na sauti za juu, bila ruhusa, akashusha sauti za juu na kuondoka. Kwa chanzo chenye omu 1 pengo linapungua hadi chini ya desibeli 1, na kwa omu 0.2 linakuwa kama halipo.

Tulimpa adapta ndogo ya USB-C, ile ya kuning'inia kwenye simu, ambayo breki yake ya ndani ni ndogo, asikilize wimbo uleule. Alifumba macho. Sekunde kadhaa baadaye akanyoosha kidole hewani, pale toazi lilipogongwa. Aliondoka na monita zake, na amplifaya tukamshauri aitunzie hedifoni kubwa.

Jambo hili si geni kwa watengenezaji. Kampuni ya Etymotic, iliyotoa ER4 mwaka 1991, ilikuwa na matoleo mawili yaliyopendwa sana: ER4S ya omu 100 na ER4P ya omu 27, hii ya pili kwa ajili ya vifaa vidogo vya mkononi. Kulikuwa na waya mfupi wenye rezista ya omu 75. Ukiuweka kati ya ER4P na chanzo, unapata tabia ya ER4S. Rezista moja tu, na monita inageuka nyingine. Sasa fikiria rezista ya namna hiyo imefichwa ndani ya amplifaya yako na hakuna aliyekwambia. Wala si lazima iwe kazi ya uzembe: mwaka 1996 kiwango cha kimataifa IEC 61938 kilipendekeza omu 120 kwenye matundu ya hedifoni. Ndiyo maana vifaa vya zamani, na baadhi ya mikisa (mashine za kuchanganyia sauti), hukutana vibaya na monita za leo.

Kanuni tunayoitumia ni ya nane: ukinzani wa monita uwe angalau mara nane ya ule wa chanzo. Shure SE846 imeandikwa omu 9, kwa hiyo chanzo chake kisizidi omu 1 na kidogo. Campfire Audio Andromeda ni omu 12.8, igawe kwa nane upate 1.6. ER4SR ya omu 45 ina uvumilivu zaidi, inakubali hata omu 5. Hii ni kanuni ya kuanzia tu, na zipo monita zisizoihitaji. Sennheiser IE 900 ina spika moja ya koili, ambamo koili ya waya husukuma kiwambo, ya milimita 7, na ukinzani wake unakaribia kuwa tambarare. Chanzo chenye breki kubwa kitaipunguzia sauti, lakini sura ya muziki haitabadilika kwa kiasi cha kukusumbua. Monita za spika bapa, zenye kiwambo bapa kinachosukumwa na sumaku, nazo ni hivyohivyo. 64 Audio U12t ina spika 12 kila upande, lakini wahandisi wake waliisawazisha makusudi ili ukinzani usipande na kushuka. Mtu mwenye amplifaya anayoipenda na asiyetaka kuachana nayo, huku ndiko tunakomwelekeza.

Sauti ya "shhh" wimbo usipocheza

Malalamiko ya pili kwa wingi ni mvumo. Mteja anasema monita zina kasoro kwa sababu kati ya wimbo na wimbo anasikia "shhh". Karibu kila mara monita ni nzima. Kinachotokea ni kwamba ni nyepesi mno kuitikia umeme, zinakuonyesha uchafu wa chanzo ambao vifaa vingine vilikuwa vinakufichia.

Tuchukue monita ya omu 12 inayotoa desibeli 112 kwa miliwati 1. Chanzo chenye mvumo wa mikrovolti 10, kiasi kidogo cha kutisha, kitatoa mvumo wa takriban desibeli 31 ndani ya sikio lako. Chumbani usiku utausikia wazi. Chanzo hichohicho kwenye monita ya omu 32 na desibeli 100 kitatoa takriban 15, na wengi hawataona kitu. Ukipata chanzo chenye mikrovolti 1, hata ile nyepesi inashuka hadi karibu desibeli 11. Kwa hiyo kwa mwenye monita nyepesi, namba ya kuitafuta kwenye karatasi ya maelezo ya amplifaya ni mvumo wake. Nguvu iliyoandikwa kwa herufi kubwa haimsaidii.

Nguvu, kwa kweli, ndiyo inayowapotosha watu wengi. Kwa monita ya omu 12 na desibeli 110, usikilizaji wa desibeli 80 unahitaji milivolti 3.5. Mishtuko ya muziki ikipanda desibeli 20 juu ya hapo, unahitaji milivolti 35. Adapta ya Apple ya USB-C inatoa karibu volti 1, na ukinzani wake hauzidi omu 1. Amplifaya ya volti 4 haikuongezei kitu hapo. Inakulazimisha kusikilizia kwenye mwanzo kabisa wa kitasa cha sauti, mahali ambapo vitasa vingi vya analogi haviendi sawa, upande wa kushoto ukisikika zaidi ya kulia. Tumewahi kuletewa monita "iliyokufa upande mmoja" na kumbe ni kitasa. Tuliweka geini, yaani kiwango cha kukuza umeme, chini, kitasa kikapanda mbali na mwanzo, pande zote mbili zikawa sawa.

Na tundu la balansi, lile nene la milimita 4.4 ambalo kila sikio lina njia zake za umeme? Kwenye vifaa vingi linatoa volti mara mbili ya tundu la kawaida, na mara nyingi ukinzani wake nao ni mara mbili. Unapohamisha waya bila kugusa kitasa, sauti inaongezeka kwa desibeli 6, na sikio la binadamu huita sauti kubwa kuwa sauti nzuri. Ukisawazisha sauti kwanza ndipo usikilize, shauku mara nyingi hupoa. Linunue kama unahitaji volti hizo. Kwa monita nyepesi hatulioni kuwa sababu ya kubadilisha waya.

Tunavyozilinganisha

Mtu akija kuchagua kati ya monita tatu, dakika kumi za kwanza hasikilizi muziki. Tunashughulika na mipira, ile midogo ya kwenye ncha inayoziba tundu la sikio. Mpira usipoziba vizuri, besi inaanguka kwa desibeli 10 na zaidi, na hapo unakuwa unalinganisha matundu ya hewa. Tunacheza toni ya besi ya hezi 50, tunamwambia aisukume monita polepole kwa kidole. Besi ikiongezeka anaposukuma, mpira ni mdogo au umekaa upande. Tunabadilisha hadi kusukuma kusilete tofauti. Sikio la kulia na la kushoto huweza kutaka saizi mbili, na hilo ni la kawaida kabisa. Tumewapa watu wengi mpira wa kati huku na mkubwa kule.

Kisha tunasawazisha sauti kwa kipimo, kila monita ikiingizwa kwenye sikio la chuma lenye maikrofoni. Tukimwachia mteja akadirie mwenyewe, ile iliyo juu kwa desibeli 1 itashinda, naye ataisifia uwazi na kina bila kujua kwamba alichokipenda ni ukubwa wa sauti.

Sikio hilo la chuma, la kiwango cha IEC 60318-4, ndilo linalotoa grafu nyingi za sauti za monita mnazoziona. Tunalitegemea, ila kuanzia kilohezi 8 kwenda juu tunasoma kwa tahadhari. Pale kuna mwinuko unaotokana na mwangwi wa bomba lenyewe, na unahama kulingana na kina ambacho monita imeingia. Sikio lako nalo ni bomba, lenye urefu wake. Kwa hiyo mtu na rafiki yake wanaweza kusikiliza monita moja, mmoja akasema sauti za "s" zinachoma, mwingine asione kitu, na wote wawili wakawa wakweli. Hapo hakuna grafu wala mwandishi wa mapitio anayeweza kukuamulia. Ni lazima uziingize masikioni mwako.

Tofauti kati ya monita za daraja la juu ni ya kweli, na tunaipenda kazi hii kwa sababu hiyo. Spika moja nzuri ya koili hutoa ngoma yenye hewa na mtikisiko ambao bado hatujausikia kwenye spika za kiulimi, zile ndogo ambamo kiulimi cha chuma hucheza kati ya sumaku. Spika za kiulimi nazo zikipangwa vizuri hutenganisha sauti za waimbaji wa kwaya hadi ukahesabu watu. Lakini tofauti hizo zinaonekana pale tu chanzo kilipokaa sawa, mpira umeziba na sauti imesawazishwa.

Kuhusu vigeuzi vya dijitali, vifaa vinavyogeuza namba za faili la muziki kuwa umeme wa sauti, tuseme tunavyoamini ingawa tunaviuza. Kigeuzi chochote cha sasa kilichotengenezwa kwa uangalifu kimeshafika mahali ambapo tofauti kati yake na cha bei mara kumi ni ndogo kuliko tofauti ya kubadilisha mpira. Ukituuliza fedha iende wapi, tutakwambia iende kwenye monita, kisha kwenye chanzo kilicho kimya na chenye ukinzani mdogo, na hapo utulie. Unaponunua kigeuzi kikubwa, nunua kwa sababu unahitaji matundu yake, kitasa chake au programu yake ya ikwalaiza.

Upimaji wa chanzo tunaufanya wakati unasubiri, na hauchukui zaidi ya nusu saa. Unapokuja, lete monita zako na waya uleule unaoutumia kila siku, maana nao una ukinzani wake. Lete simu au amplifaya unayosikilizia kweli, ikiwa na chaji, na usibadilishe mpangilio wa ikwalaiza ili tusikie unachokisikia wewe. Lete na nyimbo tatu unazozijua hadi pumzi za mwimbaji, mojawapo iwe ile ambayo ndani yake umesikia tatizo. Kama mipira yako imechoka, ije hivyohivyo. Tutaanza nayo.