Chapisheni saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kuwatuma watu Kwale

Kwa Mhariri,

Kila shule zinapokaribia kufungwa, ratiba ya "siku moja Kwale" husambazwa upya. Asubuhi ni kuteremka kwenye maporomoko ya Sheldrick, Shimba Hills. Mchana ni kuvuka kwenda kisiwa cha Wasini na hifadhi ya baharini ya Kisite, na jioni ni kuogelea Diani. Kuisoma ni raha, kuitimiza ndiyo shida. Shimba iko jirani na mji wa Kwale, Shimoni kunakopandiwa boti iko kusini kabisa karibu na mpaka wa Tanzania, na safari ya Kisite peke yake huwatoa watu asubuhi ikawarudisha alasiri. Basi tuseme familia imeamua kuacha Kisite, ibaki na maporomoko na ufuo tu. Bado ratiba ina ila moja kubwa: haisemi maji ya bahari yanajaa saa ngapi wala yanakupwa saa ngapi.

Kwa mtu wa bara, bahari ni bahari. Hapa kwetu, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji ya Kilindini, bandarini Mombasa, hupanda hadi kama mita 3.5 na kushuka hadi kama 0.3. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita tatu hupita kwa saa sita na dakika chache. Siku za maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo, hupanda hadi kama 2.4 na kushuka hadi kama 1.3 tu. Wavuvi hawahitaji simu kujua lipi ni lipi, wanahesabu mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Kisha kuna jambo ambalo wageni hulisikia wakashangaa: kwenye pwani yetu bamvua hukupwa karibu saa ileile kila mara, yaani kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, na kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu jioni. Maji mafu ni kinyume chake. Katikati ya vipindi hivyo, saa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku.

Ukishajua hilo, siku inajipanga yenyewe. Siku ya bamvua, ufuo wa Diani saa nne asubuhi ni mchanga, mwani na vidimbwi, na mtoto aliyeahidiwa kuogelea atatembea akitafuta maji ya kumfika kiunoni. Huo ndio wakati wa kuwa msituni. Teremkeni kwenye maporomoko asubuhi, mle chakula cha mchana Kwale au Ukunda, mfike ufuoni saa tisa maji yakiwa yamerudi. Siku ya maji mafu, geuzeni: ogeleeni asubuhi, na msitu uachieni siku nyingine, kwa sababu kupanda kile kilima mchana na watoto waliokwisha kuchoshwa na jua ni adhabu.

Matembezi ya mwambani yanahitaji maelezo marefu kidogo, maana hapo ndipo watu huponea chupuchupu. Bamvua ikikupwa, mwamba wa nje unatokeza na mtu anaweza kuufikia kwa miguu. Kinachosahaulika ni kwamba kati ya mwamba na ufuo kuna sehemu iliyo chini kuliko mwamba wenyewe. Maji yakianza kurudi hayakujii usoni kwa wimbi. Yanapitia kwenye milango ya mwamba na kujaza nyuma yako, wewe bado umesimama pakavu ukipiga picha. Na hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kidogo tu, ya pili yakaongeza, kisha katika saa ya tatu na ya nne hupanda nusu ya kimo chote. Kwa bamvua yenye tofauti ya mita 3.2 kati ya kupwa na kujaa, hiyo ni mita 1.6 kwa saa mbili, yaani sentimita 80 kila saa, kimo cha kiuno cha mtoto wa miaka minane. Kanuni ya kutumia ni rahisi: kama kupwa ni saa nne na nusu, tokeni ufuoni saa tatu, na saa nne na nusu kamili muwe mmeshageuka kurudi. Wanaongoja hadi waone maji yakipanda wamechelewa.

Miguuni vaeni viatu vya mpira vyenye soli ngumu, si ndala. Ndala huvutwa na maji, na viumbe vyenye miiba mirefu myeusi vimejaa kwenye mashimo ya mwamba. Mwiba ukivunjikia mguuni usiukamue. Loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, toa kinachoonekana kwa kibanio, na ukiwa karibu na kiungo nenda zahanati. Maji ya moto hayohayo ndiyo huduma ya kwanza kwa aliyechomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, au na samaki yule anayefanana na jiwe, kwa sababu joto hupunguza makali ya sumu yao. Lakini huyo lazima afikishwe hospitalini, hata maumivu yakipungua.

Sasa Shimba. Hii ni hifadhi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na malipo ni kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, si pesa taslimu. Lipeni usiku wa kuamkia safari mkiwa na intaneti ya uhakika, kwani langoni mtandao ukikatika familia nzima husimama juani. Bebeni vitambulisho, vinginevyo mtakosa ada ya raia. Na jueni kwamba tiketi ya Shimba haiwaingizi Kisite, ingawa kote ni KWS. Ukiambiwa bei ya boti ya Kisite, uliza kama ada ya hifadhi imo.

Kwenye maporomoko hamwendi peke yenu. Askari wa wanyamapori mwenye bunduki hutangulia, kwa sababu msitu una ndovu na nyati. Wapigieni KWS siku moja kabla mjue kundi linaondoka saa ngapi. Njia ni kama kilomita mbili, yote mteremko, na hapo ndipo hesabu za wazazi huharibika. Mtoto wa miaka mitano hushuka akikimbia, na kurudi hubebwa. Kama hakuna mtu mzima anayeweza kupanda na kilo 18 mgongoni, huyo mtoto abaki juu na mmoja wenu, na huenda ndovu wakaonekana hukohuko. Kila mtu abebe maji yake, lita moja na nusu kwa mtu mzima, na yasiishe chini kwenye maporomoko kwa sababu kiu hasa inakuja wakati wa kupanda. Msivae buluu iliyokolea wala nyeusi. Mbung'o wa Shimba hufuata rangi hizo, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kaki au kijivu, mikono mirefu, inatosha.

Maji yenyewe huanguka kama mita 21 na kutua kwenye kidimbwi ambacho watu huoga. Msisimame chini kabisa ya maporomoko, hata kama picha inapendeza hapo, kwani kijiti kilichoanguka kutoka kimo hicho kinapasua kichwa. Mawe ya pembeni yana utelezi usioonekana. Tembeeni mkiwa mmeinama na mkono mmoja umeshika kitu. Halafu, tusifichane, Kwale ina kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, si pale maji yanapoanguka kwa nguvu, kwa hiyo watoto wasicheze kwenye vidimbwi vya kando wala kwenye mito ya njiani. Wakitoka majini wajifute mara moja kwa taulo kavu. Na kama maji yaliyokuwa maangavu yanaanza kuwa ya kahawia, au vijiti na majani vinaongezeka ghafla, tokeni hata kama kwenu jua linawaka. Mvua imenyesha juu.

Wanaochagua Kisite badala ya Shimba wana hesabu nyingine. Fungu la mchanga la Kisite hutokeza maji yakikupwa, hivyo anayelitaka fungu achague bamvua, na asubuhi ya saa nne na tano inamfaa kabisa. Anayetaka kuwafundisha watoto kuangalia matumbawe kwa miwani na mrija achague maji mafu: mkondo ni mpole na mchanga hautibuliwi sana. Watu hutaka vyote viwili siku moja wakaishia kulaumu nahodha.

Kabla ya boti kuondoka, mvalishe mtoto jaketi la kuokolea maisha, fungeni vifungo vyote, kisha umnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Akianguka majini litapanda vivyo hivyo na yeye atateleza kwa chini. Jaketi la mtu mzima lililokazwa kamba si jaketi la mtoto, na boti isiyokuwa na la kumtosha si boti yenu siku hiyo. Ulizeni pia imeruhusiwa kubeba watu wangapi, mhesabu. Anayetapika haraka akae katikati, si omo, yaani mbele, panaporukaruka wala tezini, yaani nyuma, penye moshi wa mashine, na atazame mbali, si simu. Kiamsha kinywa kiwe chepesi. Mbaazi za nazi ni tamu, lakini si asubuhi ya kuvuka, wala si za kubebwa kwenye mkebe: tui kwenye joto hilo huchacha kabla ya adhuhuri. Viazi vitamu, mayai ya kuchemsha na machungwa hufika salama.

Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi na fuo zilizolindwa tangu tarehe 5 Juni 2020, na katoni ya maji mliyoinunua njiani inaweza kuishia langoni. Bebeni chupa za kujaza tena na dumu la lita 20 kwenye gari.

Kuhusu likizo yenyewe: ya Aprili mara nyingi huangukia masika, na njia ya msituni ni tope. Ya Agosti ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Hewa ni nzuri, maporomoko yana maji, lakini kuvuka kwenda Kisite kuna mawimbi, na waliobahatika huona nyangumi. Ya Desemba kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imeingia, bahari ni safi na tulivu, jua ni kali. Watoto wanaoogelea kifudifudi huungua mgongo na nyuma ya magoti. Fulana yenye mikono inafanya kazi kuliko losheni, na haiishi.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Halmashauri ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji ya Kilindini la mwaka mzima, lenye saa na kimo. Gazeti lenu huchapisha hali ya hewa na matokeo ya mpira. Wakati wa likizo, ongezeni mistari miwili kwa kila siku: maji yanajaa saa ngapi na mita ngapi, yanakupwa saa ngapi na mita ngapi. Mwandikie msomaji chini yake kwamba kujaa kwa mita 3.5 ni bamvua, na kwa 2.4 ni maji mafu. Na saa ziandikwe kwa hesabu ya Kiswahili, maana mzazi akisoma "10:30" akaielewa kuwa saa kumi na nusu jioni, ataipeleka familia mwambani maji yakikaribia kujaa.

Msomaji wenu,
Ukunda, Kwale