Risala ya wanawake wa tawi kwa Mwenyekiti wa Chama Taifa katika mkutano wa kupokea wanachama wapya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Chama chetu Taifa,
Waheshimiwa viongozi wa Mkoa, Wilaya na Kata,
Wazee wetu, wanachama na wananchi wote,

Assalam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Karibu sana Kilwa. Umeacha shughuli nyingi ukaja mpaka kijijini kwetu, nasi tunakushukuru kwa dhati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tawi letu lilianzishwa na akina mama wachache chini ya mwembe huu. Mfano wetu ni Bibi Titi Mohamed, ambaye mwaka 1955 aliwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kwa kupitia vikundi vya ngoma. Nasi tumepita kwenye ngoma, kwenye vikoba na kwenye maulidi.

Mafanikio yetu ni makubwa. Bendera ya chama inapepea katika kila kitongoji. Tumenunua majamvi na viti vya plastiki, na hata wenzetu wa vyama vingine huja kuviazima wanapofiwa. Tumebisha hodi nyumba kwa nyumba kueleza sera zetu na kuwaomba watu, siku ya uchaguzi ikifika, kura ya Rais wakupe wewe. Wengi wamekubali, na leo wamekuja kujiunga mbele yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kadi za kuwapa hatuna.

Majina yao tumeyaandika kwenye daftari la shule. Kiingilio na ada wamelipa, fedha tumeziwasilisha wilayani, na stakabadhi tunazo hapa mezani ukipenda kuziona. Tunaambiwa wajisajili kwa simu. Akina mama wengi hapa wana simu za kitochi, na mtandao wenyewe mpaka upande kilimani. Tukifuata kadi wilayani, Kilwa Masoko, nauli ya bodaboda inatoka mifukoni mwetu, na jibu ni lile lile: hazijafika kutoka makao makuu.

Kiongozi mmoja alisimama hapo uliposimama akaahidi kadi ndani ya mwezi mmoja. Tulimpigia makofi. Msimu wa ufuta umepita, ukaja mwingine, ukapita, na simu zetu hazipokelewi tena. Tunasema haya kwa heshima zote, kwa sababu chama hiki tunakipenda.

Nchi yetu haina mgombea binafsi. Kuanzia uenyekiti wa kitongoji hadi urais, lazima mtu adhaminiwe na chama. Mama asiye na kadi hawezi kuchukua fomu, hata kijiji kizima kikimtaka. Hawezi pia kupiga kura katika uchaguzi wa ndani wa tawi lake. Wapo waliosubiri wakachoka, wakahamia chama kingine kilichowapa kadi siku ile ile. Hao walikuwa kura zako.

Tunaomba kadi za kuwatosha wote waliomo kwenye daftari, pamoja na simu janja moja ya tawi ili katibu wetu asajili watu nyumbani kwao. Tunaomba pia, kwa unyenyekevu, utaje tarehe leo hii, mbele ya mkutano huu, na umtaje mtu atakayezileta, ili tujue nani wa kumuuliza.

Tukizipata, sisi tutaendelea kuzunguka. Vijana waliotimiza miaka 18 tutawapeleka wenyewe kujiandikisha katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura.

Tunaomba kuwasilisha.