Risala ya Wasomaji wa Maktaba ya Umma kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkutubi Mkuu, wajumbe wa kamati ya maktaba, wakutubi na wahudumu wote, wazazi, wanafunzi, wasomaji wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na furaha kubwa, sisi wasomaji wa maktaba hii ya umma tunakukaribisha katika hafla yetu. Tunatambua wingi wa majukumu yako, na kitendo chako cha kuacha shughuli nyingine ukaja kutusikiliza kimetupa faraja na matumaini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipokaa kuandaa risala hii, kila mmoja wetu alitakiwa aeleze siku yake ya kwanza kuingia maktaba. Tulitarajia kusikia habari za vitabu. Tulichosikia zaidi ni habari za watu: nani alimsalimu, nani alimwonyesha pa kuketi, nani alimjibu bila kuinua macho. Hata wale waliosahau kitabu walichokuja kukitafuta siku hiyo hawajamsahau aliyewapokea.

Mmoja wetu aliacha shule mapema na akawa na haya ya kuingia mahali panapoitwa pa wasomi. Mama yake alipougua kisukari, alijikaza akaenda katika maktaba moja ya mjini, si hii, akauliza vitabu vya magonjwa. Mhudumu alimwelekeza kwa kidole: "Angalia kule kwenye rafu." Alizunguka kati ya rafu akisoma namba asizozielewa, akaona watu wanamtazama, akatoka. Hakurudi maktaba yoyote kwa miaka miwili. Siku alipoletwa hapa na mwanawe, mkutubi aliyekuwa zamu aliinuka kitini, akatoka nyuma ya kaunta, akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: "Unataka kujua nini hasa kuhusu ugonjwa huo?" Ndipo ilipobainika kwamba hakuwa akitafuta kitabu cha utabibu. Alitaka kujua mgonjwa wake ale nini na aepuke nini. Alipelekwa hadi kwenye rafu, akaelezwa kwamba namba zilizobandikwa mgongoni mwa vitabu hufuata mpango wa mkutubi Mmarekani Melvil Dewey uliochapishwa mwaka 1876, ambamo 600 ni mambo ya teknolojia na sayansi tumizi, na 616 ni magonjwa na tiba zake. Leo mzee huyo ndiye anayewaonyesha wageni njia.

Tumelieleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna kazi yote ya ukutubi. Swali la kwanza la mgeni mara nyingi si swali lake. Mtu huuliza "vitabu vya sheria" kumbe ana mgogoro wa kodi ya nyumba, au "vitabu vya biashara" kumbe hajui kuandika hesabu za mapato na matumizi. Mhudumu asiyeuliza mara ya pili atampa rafu nzima asiyoihitaji, na mgeni ataondoka akiamini kwamba maktaba haina kitu chake. Mwaka huohuo wa 1876, mkutubi wa Marekani aitwaye Samuel Swett Green aliwaeleza wenzake mjini Philadelphia kwamba msomaji apokewe kwa ukunjufu, na kwamba mkutubi aone uzito kumwacha mtu aondoke bila jibu kama muuza duka anavyoona uzito mteja akitoka mikono mitupu. Miaka mingi imepita tangu hapo, na sisi tunaotumia maktaba tunathibitisha kwamba jambo hilo bado halijazoeleka kila mahali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtu wa kwanza kukutana na msomaji si mkutubi, ni mlinzi wa mlangoni. Ndiye anayemwambia aache mkoba, ndiye anayemwangalia juu hadi chini. Hapa kwetu mlinzi husalimu, hueleza sababu ya kuacha mkoba na hukabidhi kibati chenye namba. Jambo hilo ni dogo kwa aliyelizoea, lakini kijana anayefika kwa mara ya kwanza hutofautisha hapohapo kama amekaribishwa au ameshukiwa.

Kuhusu mazingira ya ndani, tunapenda ukimya wa chumba cha kusomea, na tunashukuru kwamba unalindwa kwa upole. Wapo wanafunzi wanaoishi vyumba vya watu wengi, ambao saa mbili za utulivu hapa ndizo pekee walizo nazo kwa siku nzima. Hata hivyo ukimya wa kuogopesha haufai. Sehemu ya watoto ina haki ya kuwa na sauti za watoto, na mama anayekemewa kila mtoto wake anapocheka hatamleta tena. Ukuta unaotenganisha sehemu hizo mbili ni mwembamba mno, na wakutubi hulazimika kuchagua kila siku nani wamuudhi.

Wapo pia wanaokuja si kwa ajili ya kitabu. Wengine hutafuta kivuli, soketi ya kuchajia simu, gazeti la siku, au mahali pa kuketi bila kuulizwa wamenunua nini. Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1949 na kupitiwa upya, pamoja na IFLA, yaani shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, mwaka 1994 na 2022, linasema huduma za maktaba ni za watu wote kwa usawa, bila kujali umri, jinsia, dini, lugha wala hali ya mtu katika jamii. Tuliona maana ya maneno hayo siku moja mchana, mtu mwenye nguo chakavu aliposinzia mezani na baadhi yetu tukataka atolewe. Mhudumu alimgusa bega taratibu, akamuuliza kama yu mzima, akamletea gazeti. Tunakiri mbele yako kwamba tuliona haya.

Makosa yetu hayakuishia hapo. Baadhi ya wasomaji hupiga mistari kwenye vitabu, na wakati wa mitihani wapo wanaoficha kitabu katika rafu isiyo yake ili wenzao wasikipate. Mhudumu anayetumia asubuhi nzima kukitafuta kitabu hicho hawezi kuwa na uso wa bashasha mchana.

Yapo pia yanayozidi uwezo wa wahudumu. Jioni, watu wakitoka kazini na shuleni, kaunta hubaki na mtu mmoja, naye ndiye anayeandikisha wanachama, anayegonga mihuri ya tarehe, anayepokea simu na anayehangaika na mashine ya kuchapa iliyokwama. Akijibu kwa mkato, tunaelewa sababu, ingawa mgeni wa mara ya kwanza haielewi. Faini za kuchelewesha vitabu nazo humgeuza mhudumu huyo kuwa mdai, na wasomaji wenye deni humkwepa pamoja na maktaba yenyewe. Chicago ilifuta faini hizo mwaka 2019 na New York mwaka 2021, kwa hoja kwamba zilikuwa zikiwafukuza wasomaji wasio na uwezo.

Kwa hiyo tunaomba, Mheshimiwa, kwamba nafasi za wakutubi ziongezwe kwa saa za jioni kabla ya kununuliwa samani mpya. Tunaomba mafunzo ya kupokea wasomaji yatolewe kwa wote, mlinzi akiwamo, na utaratibu wa faini uangaliwe upya. Ukuta wa sehemu ya watoto na vibao vya maneno juu ya rafu, vitakavyomsaidia asiyejua namba, tunaamini havihitaji gharama kubwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, fomu ya uanachama yenye jina lako iko mezani. Hatukuijaza kwa niaba yako kwa makusudi. Baada ya hotuba yako, tunakuomba upite kaunta kama msomaji mwingine yeyote, uijaze, kisha umuulize mkutubi aliye zamu kitabu cha jambo lolote unalotaka kulijua.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Wasomaji wa Maktaba