Jicho Moja Linapobeba Kazi ya Yote Mawili

Swali tunaloulizwa zaidi na wazazi hapa dukani si la bei. Ni hili: "Nikimvalisha miwani mapema hivi, si ataizoea, macho yazidi kuharibika?" Wengine huja wakiwa wameshamwambia mtoto avumilie mpaka amalize la saba.

Miwani haiharibu jicho la mtoto. Akiivua ataona ukungu uleule wa zamani. Sasa analalamika kwa sababu ameshajua kuona vizuri kulivyo. Kinachoharibu ni kusubiri, hasa kwa mtoto ambaye jicho moja linaona na jingine halioni sawasawa.

Huyo ndiye anayetuumiza roho. Hakunji uso, hasogelei televisheni, ubao anausoma, maana jicho zima linabeba kazi ya yote mawili. Wala hasemi kitu, kwani hajawahi kuona vingine. Lakini ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, takriban mpaka miaka 7 au 8. Jicho linaloleta picha yenye ukungu, ubongo hulipuuza. Ukija kuliwekea lenzi sahihi baadaye, bado halisomi mistari ya chini ya chati. Ndilo liitwalo jicho vivu. Likigunduliwa mapema, miwani pamoja na kuziba lile jicho linaloona vizuri kwa saa kadhaa kila siku, kwa mpango wa daktari, mara nyingi hulirudisha kazini. Wa miaka 14 naye hatumkatii tamaa, ila safari yake ni ndefu zaidi na matokeo hayana uhakika.

Jaribu leo nyumbani. Msimamishe mtoto mbali na kalenda ya ukutani, mzibe jicho la kulia, asome; kisha la kushoto. Kwa mdogo asiyejua kusoma, tazama kama anakubali kuzibwa upande mmoja lakini upande wa pili analia na kuusukuma mkono wako. Akifanya hivyo, au anayejua kusoma akishindwa kwa jicho moja, mlete apimwe wiki hiihii.

Ila ukiona weupe unang'aa ndani ya mboni, hata kama ni kwenye picha ya simu tu, usianzie kwetu. Nenda moja kwa moja kwa daktari bingwa wa macho, kama ni hospitali ya KCMC Moshi au ya CCBRT Dar es Salaam. Weupe huo unaweza kuwa saratani ya jicho, na hapo kila wiki ina thamani.

Kwa mtoto, mashine ya kupimia macho peke yake haitoshi. Misuli ya jicho lake ina nguvu, hujikaza wakati wa kupimwa na kutoa namba ya lenzi isiyo yake. Kwa hiyo hutiwa matone ya kuilegeza. Mwanga utamsumbua na maandishi ya karibu yatakuwa na ukungu kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake, basi usimlete siku ya kuamkia mtihani.

Vijana wa sekondari wapimwe kila mwaka. Asiyeona mbali, jicho lake huendelea kurefuka anapokua, na namba hupanda. Wadogo zao waacheni wacheze nje mchana, kama saa mbili kwa siku; hilo hupunguza uwezekano wa kupata tatizo hilo.

Fremu za watoto tunazikaza na kuzinyoosha bure, hata kama hamkununua kwetu. Iliyolegea hushuka puani, mtoto akashinda anachungulia juu ya lenzi.