Barua kwa mwanangu: usimwache mtoto nyuma

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Simu ya jana ilikatika kabla sijamaliza, na nikikupigia tena hupokei, kwa hivyo naandika. Soma mpaka mwisho, usiruke kama unavyoruka meseji zangu za sauti.

Umesema karatasi za kumwombea mkeo viza ya kuja kuishi Marekani umeshazituma, kwamba inshallah mwakani mtarudi Lowell, na mtoto wake atabaki Kisauni, Mombasa, kwa bibi yake "mpaka mambo yakae sawa". Mambo gani hayo, na nani wa kuyakalisha? Mtoto ana miaka sita. Usimwache.

Najua hukukusudia ubaya. Ulidhani jina lake likishaandikwa ndani ya fomu ya mamake, basi naye amepita. Hata huku Marekani wengi wanadhani hivyo, kwa sababu wameona mwenye grini kadi, yaani mkaazi wa kudumu asiye raia, akimwombea mkewe na watoto wakaja juu ya ombi hilohilo. Wewe ni raia wa Marekani. Mke wa raia haingojei nambari ya foleni, na hiyo ndiyo bahati yenu, ila ombi lake halimbebi mtoto. Kila mtu na I-130 yake, ile fomu ya kumwombea mtu wa familia. Ile sehemu uliyomwandika inawaambia tu kwamba mkeo ana mtoto, haimwombei chochote. Inatakiwa I-130 ya pili, ukimwombea wewe mwenyewe kama mtoto wako wa kambo, na sheria inakukubalia kwa kuwa mlioana kabla hajatimiza miaka 18. Ijaze wiki hii. Kwa mtandao ni dola 625. Kama pesa ndiyo iliyokuzuia ungesema, nitatuma. Mbele kuna nyingine, dola 325 za viza na 120 za karatasi za udhamini, tena kwa kila kesi, halafu 235 za kutengenezewa kadi kwa kila mmoja. Hizo tutagawana.

Wala usiniambie mamake atamwombea akishafika. Anaweza, lakini hapo atakuwa amesimama kwenye foleni ya watu wa grini kadi, ambayo mwezi huu inasogea na mwezi ujao imeganda. Ndoa yenu ikiwa haijafika miaka miwili siku anapoingia, kadi yake ya kwanza itakuwa ya miaka miwili tu, na ndani ya siku 90 za mwisho mtajaza tena I-751 kuthibitisha kuwa mnaishi pamoja kweli. Unataka mwanamke apite yote hayo huku mwanawe yuko Kisauni akimwona kwenye simu?

Mimi pia nilisema ni mwaka mmoja tu. Yaliyofuata unayajua wewe kuliko mimi, sitayaandika hapa. Nataka uyakumbuke tu unapompangia mtoto wa mwenzio.

Sasa sikiliza hili, maana limeninyima usingizi. Dada yako ameniambia kuna mtu hapo mtaani amekushauri mkatoe cheti kingine cha kuzaliwa chenye jina lako mahali pa baba, ili mtoto aonekane wako wa damu na apite upesi. Usithubutu. Wakitaka kipimo cha DNA mtasema nini? Ukidanganya kwenye maombi ya viza, mlango unafungwa maisha, na kuufungua ni kuomba msamaha maalumu ambao si kila mtu anaupata. Na hakuna sababu ya uongo! Mtoto wa kambo ana haki yake kamili hapo, bila cheti cha kughushi. Kinachotakiwa ni cheti chake cha kweli, kile kilichoandikwa jina la babake, na hati za kuonyesha kuwa ndoa ya kwanza ya mamake ilikwisha.

Hapo kwenye talaka ndipo ninapowaogopea. Kusema "aliniacha mbele ya wazee" hakutoshi. Wanataka hati. Mwende kwa Kadhi, ikiwa talaka haikusajiliwa isajiliwe, na tarehe yake iwe kabla ya nikaha yenu. Mwangalie majina pia, jina la mkeo kwenye kitambulisho, pasipoti, cheti cha ndoa na hati ya talaka liwe lilelile, herufi kwa herufi. Nakumbuka cheti cha nikaha ulichonipigia picha kina herufi moja zaidi kwenye jina la babake. Dogo hilo, lakini kesi husimama kwa vitu vidogo kama hivyo.

Halafu mzungumzeni baba wa mtoto mapema, kwa adabu. Ridhaa yake iandikwe mbele ya wakili, aseme amekubali mwanawe aende kuishi Marekani. Wewe usiende peke yako, na usiende umekunja uso. Mtume ami yako. Yule bwana akiona anaheshimiwa atatia saini, akiona ananyang'anywa mtoto hatatia, na haki atakuwa nayo.

Tena usije na wazo la kuwaleta kwanza kwa viza ya matembezi mkajaze fomu huku. Kutembea si kosa, hata mke wa raia anaweza kuomba kuja kutembea, lakini anayeingia akisema anatembea na moyoni amekuja kukaa amemdanganya afisa, na tumerudi kulekule kwa uongo. Aje na viza yake, na mtoto na yake.

Umesema pia utatangulia wewe miezi mingi kabla yao. Kwa nini? Hulazimiki. Wanachotaka ni uthibitisho kuwa makao yako yanarudi Marekani kabla au siku ileile mkeo anapoingia. Mnaweza kushuka ndege moja nyote watatu. Weka ushahidi: akaunti ya benki ya huku usiifunge, leseni ya Massachusetts uihuishe, barua ya kazi, na mimi nitaandika barua kwamba mtakaa kwangu. Hiyo kazi ya Boston wakikutaka upesi kuliko kesi inavyokwenda, waulize ubalozi wa Nairobi kama wanaweza kulipokea ombi palepale, kwa sababu raia anayeishi nje akiitwa kazini kwa ghafla hufikiriwa. Ni kwa hisani yao, si haki yako, lakini kuuliza si ujinga.

Kodi. Nimekuwa nikikuuliza kila mwaka, nawe kila mwaka unasema unalipa KRA, yatosha. Hayatoshi. Raia wa Marekani anapeleka hesabu IRS, watu wa kodi wa huku, hata akikaa mwezini, ingawa pengine hutadaiwa hata senti. Mdhamini wa kwanza ni wewe muombaji, uwe na mapato usiwe nayo, na I-864, fomu ya udhamini, itadai hesabu zako. Kuna utaratibu wa waliosahau bila kukusudia, wa miaka mitatu ya nyuma. Uanze sasa, usingoje barua ya usaili.

Mshahara wako wa bandarini hawatauhesabu maana utaacha kazi hiyo, kwa hivyo mdhamini mwenza nitakuwa mimi. Nimeshapiga hesabu na dada yako. Mimi, yeye, mkeo na mtoto ni watu wanne, na kwa kiwango cha mwaka 2025 zilitakiwa dola 40,187 kwa mwaka. Ninazo, kwa zamu za usiku. Uelewe lakini ninachotia saini. Dhamana hiyo haikatiki kwa talaka. Mkiachana kesho, Mungu apishe mbali, bado nitakuwa nimemdhamini mpaka apate uraia au afanye kazi robo 40 za mwaka, yaani kama miaka kumi. Natia saini kwa wawili, na sitii kwa mmoja. Mtoto asipokuwemo, tafuta mdhamini mwingine.

Nimesema kwa ukali, basi vumilia. Hapa kazini kila mtu anajua kijana wangu alitoa mahari kwa jasho lake, na anamwamsha mtoto asiyemzaa, anamfunga nywele na kumpeleka madrasa. Babako, Mungu amrehemu, hakujua hata darasa ulilokuwamo. Maneno niliyosema ulipoleta habari za kuoa mwanamke mwenye mtoto, kama mkeo yalimfikia, mwambie chumba cha mbele nimekipaka rangi na nimenunua kitanda kidogo. Nimenunua cha mti, si kile cha chuma.

Siku ya kwenda Nairobi mpande treni, msipande basi la usiku na mtoto. Kipimo cha afya mtafanyiwa kule, na mtoto watampima kifua kikuu pia, kwa hivyo kile kijitabu chake cha kliniki kitafutwe sasa. Nilikiona kwenye video, kimekaa juu ya friji chini ya chupa ya mafuta, kurasa zimeshikana. Zibandueni polepole, mzikaushe kivulini, kisha mwende kliniki waziandike upya chanjo zilizofutika. Na kipimo wasikifanye mapema mno, maana uhai wa viza unafuata kipimo hicho, hauzidi miezi sita.

Kesi mbili zikitembea pamoja, ombeni usaili wa siku moja. Ya mtoto itakuwa imechelewa nyuma ya ya mamake, na ikibidi mamake amsubiri, amsubiri. Mkose nauli ya bei rahisi, mkose hata hiyo kazi. Mtoto asibaki.

Mpangaji wa nyumba ya Majengo anasema bati la jikoni linavuja tena. Nenda ukaangalie mwenyewe kabla hujampa fundi pesa, mara ile alipaka lami juu ya kutu akaondoka. Kodi ya mwezi uliopita mpe shangazi yako yote, ana miadi ya jicho. Dada yako amefaulu mtihani wa kuendesha gari na sasa anataka gari, tutazungumza. Nguo za baridi msinunue huko, nitawangoja uwanja wa ndege na makoti, nitumie tu vipimo vya mtoto, urefu na mguu.

Achari ya ndimu nataka, ile ya mama mkwe wako. Muifunge vizuri muitie kwenye sanduku la chini, mkononi wataichukua.

Nitumie namba ya risiti ya ombi la mtoto ukishalipa. Si ya mamake, ya mtoto.

Mamako