Halima, hayo si masaa manane!

Halima shoga yangu,

Salamu sana, na mama pia nisalimie. Ile voisi yako nimeisikiliza mara mbili nacheka peke yangu jikoni. Eti tiketi imeandika mnatoka Nairobi saa sita usiku mnashuka New York saa mbili asubuhi, kwa hivyo ni masaa manane tu, kama basi la Mombasa Nairobi! Hapana mamangu, ni masaa 15. Mkishuka hapo JFK, uwanja wa ndege wa New York, saa mbili, huko nyumbani ni saa tisa mchana, watu washakula wali washalala. Miezi hii ya joto huku tuko nyuma yenu masaa saba, na kuanzia Novemba yanakuwa manane maana hawa watu kila mwaka wanarudisha saa nyuma, mpaka leo sijazoea.

Lakini nisikucheke sana, mi mwenyewe niliwahi kuingia mtego huo huo nikija nyumbani. Natoka huku Jumatatu saa saba mchana, safari masaa 14, nikajumlisha bila kubadilisha saa nikamwambia kaka aje JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, saa tisa usiku. Maskini akaja, akakaa kwenye benchi mpaka saa nne asubuhi ndo ananiona natoka na mabegi. Hiyo lawama naisikia kila Idi.

Na ndio, kurudi ni masaa 14 si 15, hujasikia vibaya. Njia ni ile ile, kama kilomita 11,800, ila kule juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, sasa mkija huku unawapiga usoni, mkirudi unawasukuma mgongoni. Kilomita 11,800 ujue ni kama upande treni ya Mombasa Nairobi mara 25 bila kushuka.

Halafu huyo ajenti anayekwambia mpitie Doha ni rahisi, sawa, bei inaweza kuwa nafuu, lakini angalia ramani basi. Doha iko kaskazini mashariki, mnaiendea masaa matano na Amerika iko upande wa magharibi, halafu mnageuka masaa mengine 14, hapo bado hujahesabu kukaa kusubiri. Afadhali hata Amsterdam, kuzunguka kwake si kwingi. Zamani tulikuwa hatuna ujanja, ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways ilianza Oktoba 2018, kabla ya hapo lazima ushuke mahali uanze kukimbizana na mageti. Na goti la mama lile? Lipa tu hiyo ya moja kwa moja shoga, halafu mchukulie siti ya upande wa njia awe anainuka kunyoosha miguu.

Ukihesabu toka mlangoni kwenu Mombasa, treni masaa matano, kusubiri eapoti, ndege, foleni ya imigresheni, mpaka mnatoka nje kwangu ni zaidi ya masaa 28. Kwa hivyo dawa za presha za mama zikae kwenye begi la mkononi, na daktari amwambie mapema njiani azimeze vipi. Ile simu yako ya zamani iache na saa za Mombasa, usiiguse, itawasaidia kujua saa za dawa.

Mama mwambie nitakuwa hapo nje na thamosi ya chai ya tangawizi, ile ya kwenye ndege hataiweza.

Wako,
Salma